Mhuri wa Mwezi wa Sita

Jibu lilikuwa lifike siku hiyo, na siku hiyo ilibakiza kama saa moja tu iishe. Mama alikuwa sebuleni akipiga pasi nguo alizokwisha kuzipiga. Gauni lake la kazini alilirudia mara ya tatu, akalikunja, akalikunjua, akajiambia kwamba kola haijakaa sawa. Kutoka pale aliposimama aliuona mlango wa chumba cha binti yake, umeegeshwa tu, na mwanga wa kompyuta umelala sakafuni mbele ya kizingiti.

"Mama, nenda ukalale," binti alisema kutoka ndani. "Jibu haliji upesi kwa sababu wewe unapiga pasi."

"Kesho nitavaa nini?"

"Hilo hilo. Litakuwa limeungua."

Mama akacheka puani, akaendelea.

Binti alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mhadhiri msaidizi katika chuo cha ufamasia, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo wa tisa. Mkuu wa chuo hakumficha kitu. Alimwambia kwamba akiwa na makala moja iliyokubaliwa na jarida linalotambulika, ataongezewa miaka mitatu. Akikosa, nafasi yake wanaitaka wengi. Makala aliyokuwa anaingojea aliituma kwenye jarida la chama cha wafamasia, na ofisi ya jarida hilo ndiyo aliyofanyia kazi mama yake kwa miaka ishirini na miwili. Mama ndiye aliyekuwa akipokea makala zote.

Saa tano na dakika kumi usiku kompyuta ikalia. Mama akaiweka pasi chini. Alisikia kiti kikisogezwa, halafu kimya kirefu, kimya cha mtu anayesoma kitu mara mbili. Binti akatoka ameibeba kompyuta mikononi kama anayebeba mtoto mchanga.

"Wamekataa," alisema. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyekataliwa. "Ila wamekosea wao. Njoo uone."

Akaeleza akiwa amesimama. Wahakiki wamesema kazi ni nzuri na hesabu zake zimenyooka, lakini kuna watafiti wa kwingine waliotoa kazi kama hiyo hiyo mwezi wa nne, kwa hiyo hii haina jipya. Sasa jarida lina kanuni, imeandikwa ndani ya jalada la nyuma, na mama aliijua kama anavyoijua njia ya jikoni: makala iliyopokelewa kabla ya nyingine kutoka haihesabiwi kuwa imetanguliwa.

"Mimi nimepeleka mwezi wa pili," binti alisema. "Wao wametoa mwezi wa nne. Haya, soma hapa. Imepokelewa tarehe kumi na moja, mwezi wa sita. Kuna mtu kateleza na mhuri."

Mama aliutazama mstari aliooneshwa. 

"Na daftari la kupokelea liko kwa nani? Si kwako? Kesho asubuhi unalifungua, unawaonyesha, yamekwisha. Saa nne nakuja mwenyewe kumwona mhariri. Loo, nilidhani nimegongwa na gari, kumbe nimeumwa na mbu."

Akambusu mama yake utosini, akaenda kulala. Hazikupita dakika kumi akaanza kukoroma, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki tatu. Mama alibaki amesimama. Kilichomzindua ni harufu. Pasi aliiweka chini bila kuangalia, na kola ya gauni ilikuwa imeungua kweli.

Hakuna aliyeteleza na mhuri. Aliugonga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, na daftari lilisema vivyo hivyo kwa mwandiko wake.

*

Aliingia ofisi ile kama mfagizi, akiwa na mwaka mmoja wa ujane na shule ya msingi tu kichwani. Mhariri mkuu wa wakati huo, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: kwamba huyu mama akifuta vumbi kwenye rafu, kila makala huirudisha mahali pake kwa namba, na karani aliyelipwa kwa kazi hiyo huzichanganya. Karani alipoondoka, mzee akamwita, akamkabidhi mhuri wa tarehe wenye mpini wa mbao.

"Mama," alimwambia, "huu mhuri ndio jarida lenyewe. Watu watagombana nani kagundua kwanza, na shahidi ni wewe. Usiugonge jana, usiugonge kesho. Ugonge leo."

Akaugonga leo kwa miaka ishirini na miwili. Siku aliyougua homa alikuja na kanga mabegani, akagonga, akarudi kulala. Makala zilikuja nakala tatu tatu. Aligonga mhuri, akaandika namba kwenye daftari, akabandua ukurasa wa kwanza wenye majina ya waandishi na kuufungia kabatini, ili wahakiki wasijue wanaisoma kazi ya nani. Watu wakamwita Mama Mihuri. Ilikuwapo siku profesa mmoja mwenye sauti kubwa alipotaka tarehe yake irudishwe nyuma siku mbili tu. Alianza na maneno ya asali, akamalizia na vitisho. Mama Mihuri alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba hata mwanawe wa kumzaa hawezi kumbadilishia siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo ilisimuliwa ofisini kwa miaka.

Yaliyoandikwa ndani ya makala hakuyaelewa, ila vichwa vyake alivisoma vyote, na vichwa vilimfundisha. Aliona kwamba utafiti una upepo. Miaka yake ya kwanza ulikuwa upepo wa majani, magome na mizizi; mwandishi mmoja alibana hadi majani yenyewe makavu kwenye makala, na mama akapiga chafya siku nzima. Ukafuata upepo wa dawa zilizoshindwa na malaria, halafu dawa bandia. Ukaja mwaka wa ule ugonjwa mkubwa, kila mtu akaandika jambo moja, hata bwana aliyekuwa ameandika juu ya dawa za macho miaka kumi mfululizo. Na sasa, chini ya mhariri mkuu mpya, ulivuma upepo wa chembe ndogo mno, ambazo mpiga chapa wa jarida alisema hata mhariri mwenyewe hajawahi kuziona kwa ile miwani yake.

Hayo yote mama aliyawekea vijiti. Nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati alichora mstari kwa kila mada, na kila makala iliyoingia aliichorea kijiti. Hakutumwa na mtu. Alipenda tu kujua kila mwaka watu wanaogopa nini zaidi. Mpiga chapa, ambaye alikuwa anapanga kurasa chumba cha pili na hakumaliza saa bila utani, alimwambia kwamba anahesabu maradhi kama mfugaji anavyohesabu mbuzi jioni. "Na siku ukistaafu," alisema, "na wewe tutakugonga mgongoni: Imepokelewa."

Jarida lilipotimiza miaka ishirini na mitano, mhariri mkuu alitaka kuandika makala kubwa juu ya mada zilizofanyiwa utafiti tangu mwanzo na uchapishaji unaelekea wapi. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu za miaka minane tu. Mpiga chapa ndiye aliyekumbuka kalenda. Mwezi wa kwanza, alasiri mbili nzima, mhariri mkuu na Mama Mihuri walikaa meza moja wakihesabu vijiti. Mistari mingine ilijaa mpaka ikahamia kalenda ya pili. Mstari wa dawa za watoto ulikuwa na vijiti kumi na saba.

Mhariri akavua miwani. "Miaka yote hii," alisema, "watoto wote hawa, na sisi tumewaandikia mara kumi na saba."

Akasema ataiomba bodi kitu kimoja: toleo maalumu, la watoto peke yao. Labda katikati ya mwaka, wakikubali.

*

Mwezi uliofuata binti alimpa mama yake bahasha ya kaki, nzito. "Wewe si unakwenda kule kila siku? Nipelekee."

Makala ilihusu vidonge vya watu wazima ambavyo kina mama hukatia watoto pale dawa ya watoto inapokosekana. Binti alikuwa amezunguka zahanati nne, akakaa na kina mama mia mbili na kumi, akawaomba wakate kidonge mbele yake kama wanavyokata nyumbani. Walikata kwa visu, kwa nyembe, kwa meno. Kila kipande alikipima kwenye mizani. Nusu nyingi hazikuwa nusu. Robo zilikuwa mbaya zaidi.

Wiki hiyo hiyo Mama Mihuri alikuwa amerudisha makala ishirini na sita, zimekataliwa bila hata kufika kwa wahakiki, zote na barua ya namna moja iliyosema kwamba haziendani na mwelekeo wa sasa. Alizifunga bahasha mwenyewe, akasoma vichwa vyake. Zilikuwa kazi za mambo ya nyumbani: watu huwekaje dawa zao kwenye joto, watu hupimaje dawa ya maji kwa kijiko cha chai. Makala ya binti yake ilikuwa ndugu yao wa tumbo moja. Aliona wazi: nikiigonga mhuri leo, Ijumaa inarudi. Nikiitunza mpaka toleo la watoto, itaingia kwa mlango wa mbele, itakaribishwa na kiti. Kawia ufike.

Akaiweka kwenye droo ya chini kabisa, chini ya pedi za wino. Jioni alimwambia binti yake kwamba imefika. Hakuona kuwa ni uongo, maana ilifika, ilikuwa ofisini. Binti alipouliza namba, alimwambia bado hawajatoa, subira. Binti hakuuliza tena. Angemshuku vipi Mama Mihuri?

Siku moja mpiga chapa aliifungua droo ile akitafuta pini za stepla, akaona bahasha, akauliza inafanya nini huko kuzimu. Mama akasema inangoja msimu wake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama yangu," alisema, akachukua pini zake akaenda.

Wahenga walikwisha sema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali mtu huikumbuka ikishamtokea.

Hiyo ya msimu ilikuwa sababu ya kweli. Ilikuwapo na nyingine ambayo mama hakumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe aliizunguka kwa mbali. Kabla ya kuifungia bahasha kwenye droo, aliifungua. Hakutafuta hesabu. Alifika ukurasa wa mwisho, pale waandishi wanaposhukuru watu, akakuta binti yake ameandika: Kazi hii ni kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekatiwa kidonge kwa kisu.

Ilikuwa imepita miaka ishirini na saba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mnene, mchangamfu, wakimwita Kibonge. Homa ilimshika, baba yake yuko safarini kikazi. Zahanati haikuwa na dawa ya watoto. Muuguzi akatoa vidonge vya wakubwa, akasema robo kila jioni. Mama alikata juu ya sahani kwa kisu cha vitunguu, na binti, aliyekuwa na miaka sita, akamshikia taa. Jioni ya pili mtoto alilala, hakuamka. Kama ni homa, kama ni dawa, hakuna aliyejua na hakuna aliyeuliza. Katika nyumba ile jina la Kibonge halikutajwa tena. Na sasa lile jambo lilikuwa limepigwa chapa, nakala tatu, likingoja mhuri wake.

Mwezi wa sita bodi ikatangaza toleo la watoto. Asubuhi hiyo hiyo mama aliitoa bahasha, akaigonga kabla ya nyingine yoyote, akaiandikia namba, akarudi nyumbani anaimba. Hakujua kwamba mwezi wa nne, mahali asipopajua, watu asiowajua walikuwa wamekwisha kuchapisha vidonge vyao na visu vyao.

*

Asubuhi baada ya jibu lile alifika ofisini kabla mlinzi hajamaliza kufungua madirisha. Alifunga kitambaa shingoni kuficha kola. Mhariri mkuu alipoingia saa mbili alimkuta amesimama mlangoni kwake na daftari kifuani.

"Kaa, mama."

Hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama: bahasha, droo, miezi minne, toleo. Hakujitetea, ila alirudia mara mbili kwamba kosa ni lake na si la mwandishi. Mhariri alimsikiliza huku akiandika kidogo kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye tabia ya kufunika kalamu yake kila alipofikia uamuzi.

Mama alipomaliza, mhariri aliuliza: "Huyu mwandishi ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

Mhariri akaifunika kalamu.

"Ungeniambia ni mtu baki," alisema taratibu, "ningekuwa na pa kusimama."

Mama akasema barua iliyomo ndani ya bahasha ina tarehe ya mwezi wa pili, aitazame. Mhariri akatikisa kichwa. "Tarehe ya barua anaiandika mwandishi mwenyewe. Tarehe ya jarida ni mhuri wako. Nikiusogeza kwa neno la mama wa mwandishi, kesho watakuja wote niliowakatalia, kila mmoja na mama yake. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Yule profesa ulimwambia nini?"

Mama alikumbuka alichomwambia.

"Basi nifukuze mimi," alisema. "Mtoto hana kosa."

"Kukufukuza hakutabadilisha tarehe, mama."

Saa nne kamili binti akaja. Alivaa ile suti yake ya usaili na alikuwa anatabasamu tangu langoni, akamsalimia mpiga chapa, akamtania kwamba akonde kidogo, kiti kinalalamika. Alipopita mezani kwa mama yake aliinama na kunong'ona, "Umeshamwonyesha daftari?" Mama akafungua kinywa. Lakini mlango wa mhariri ulifunguka, sauti ikamwita binti ndani, na mlango ukafungwa.

Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi. Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mihuri alikuwa amewatazama waandishi wakikaa juu yake, wakitikisa magoti, wakisoma tangazo lile lile la zimamoto ukutani. Hakuwahi kulikalia. Siku hiyo alilikalia, akagundua kwamba mguu mmoja ni mfupi. Mpiga chapa alitoka chumbani kwake, akamtazama, akarudi, akatoka tena na kikombe cha maji. Alikiweka pembeni yake bila neno la utani, na hapo mama alijua kwamba hata yeye ameelewa.

Sauti ya binti ilisikika mara moja tu kupitia mlangoni. "Lakini mama mwenyewe aliniambia imefika."



Binti alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye daftari, mezani kwa mama yake. Alifungua mwezi wa pili, akateremsha kidole namba kwa namba. Hakuna pengo; Mama Mihuri hakuwahi kuacha mstari. Akafunua mpaka mwezi wa sita, akasimama pale. Mwandiko ule ndio uliomwandikia jina lake kwenye madaftari ya shule.

"Ilikuwa wapi?"

Mama akainuka, akaivuta droo ya chini. Ndani mlikuwa na pedi za wino, na chini yake alama ya mraba pasipo na vumbi. Binti alichungulia kama mtu anayechungulia kaburi.

"Miezi minne."

"Nilikuwa nangoja toleo la watoto," mama alisema. "Walikuwa wanarudisha kila kitu, mwanangu. Ishirini na sita wiki moja. Wangekurudishia."

"Wangenirudishia," binti alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ningepeleka kwingine wiki hiyo hiyo. Majarida yako mengi, mama. Ningepeleka kwingine."

Hilo mama hakuwa amelifikiri. Miaka yote ile alikuwa ameangalia makala zinavyoingia na zinavyotoka, na zilizotoka hakuwahi kujiuliza zinakwenda wapi. Kwake zilikuwa zimekufa. Dunia nzima ya dawa ilikuwa rafu ile moja aliyoifuta vumbi.

Binti akaenda. Viatu vyake vilisikika ngazini mpaka chini.

Kabla ya adhuhuri mhariri alimwambia apumzike nyumbani hadi bodi ikae, na kwamba kwa sasa mhuri aukabidhi. Hakumwambia kwa ukali. Mama akaleta kitambaa, akausafisha wino kwenye tarakimu moja moja, akausogeza mpaka tarehe ya siku hiyo, akauweka juu ya meza. Mpiga chapa alimbebea mkoba hadi langoni. "Mama Mihuri," alisema, akakohoa, akatazama barabara.

*

Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa kwa komeo. Komeo lile lilipigiliwa na baba yake mwaka aliofariki, kwa sababu binti alikuwa ameanza kukua na alitaka pahali pake, na tangu hapo halikuwahi kutumika zaidi ya wakati wa kuvaa. Mama alibisha hodi. Hakujibiwa. Aliweka chakula kwenye stuli, akafunika, akakaa sebuleni. Baada ya saa mbili alikiondoa kimepoa, akaweka kingine. Nacho kikapoa.

Aliwaza la kusema. Pole ingeanguka tu kama pini ya stepla. Angeweza kusema kwamba Mungu yupo, kwamba chuo si hicho kimoja. Yote hayo yalikuwa maneno ya kumpa mtu mwingine. Kulikuwa na moja tu ambalo lilikuwa la mlango ule, na alikuwa amelizunguka kwa miaka ishirini na saba.

Jua lilipoanza kushuka alisogea, akakaa chini sakafuni, bega limeegemea mlango.

"Kuna jingine," alisema. "Ile bahasha niliifungua. Nilisoma ukurasa wa mwisho."

Akaegemeza kichwa kwenye mbao.

"Nilikwambia nilikuwa nangoja toleo. Ni kweli. Lakini hata bila toleo ningechelewa. Kila nikishika mhuri nilimwona Kibonge."

Jina lilitoka likamshangaza mwenyewe, kama kikombe kinachoanguka bila kuguswa. Alisubiri. Kitu kikasogea kwenye mbao, karibu sana, upande wa pili tu. Binti alikuwa amekaa chini naye, mgongo mlangoni, na pengine alikuwa hapo muda wote.

"Mimi ndiye niliyeshika taa," binti alisema.

"Ndiyo."

"Niliwauliza kina mama mia mbili na kumi. Kila zahanati nilikuwa natoka nasema, leo nikifika nyumbani namuuliza yule mama mmoja aliyebaki. Nikifika, nakukuta unapika, siulizi." Akajisogeza. "Vile vipande vinne. Vilikuwa sawa?"

Mama alifumba macho. Aliiona sahani, ile ya bati yenye ua la buluu, na unga mweupe uliosambaa pale kisu kilipoteleza.

"Hapana," alisema. "Kisu kilikuwa butu. Kimoja kilitoka kikubwa, kama nusu hivi. Viwili vidogo. Cha nne kilisagika."

"Ulimpa kipi?"

Gari lilipita barabarani, likaenda mpaka sauti yake ikaisha.

"Kikubwa," mama alisema. "Nilitaka apone upesi."

 Mama hakulia; machozi yalikuwa yamekaa mbali, kama watu wanaosubiri kuitwa. Mwanga dirishani uligeuka kahawia, kisha ukafifia, na chakula kwenye stuli kikapoa mara ya tatu. Akaanza kujiinua, mkono mmoja ukutani, maana magoti yake hayakuwa tena ya kukaa sakafuni.

Alikuwa hajasimama sawasawa aliposikia chuma kikikwaruza mbao. Komeo lilikuwa limezeeka, likagoma, likagoma tena, likatoka. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja cha mkono, ukakaa hivyo.